Msichana Aliyepiga Mpira Baada ya Filimbi

Ipo siku moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo nimemsimulia mtu mmoja tu, wala si marehemu mke wangu niliyeishi naye miaka mingi. Nakusimulia wewe kwa sababu juzi ulinipigia simu ukiwa na furaha nyingi, ukaniambia klabu yenu imekutuma Embu ukamtazame kijana wa chuo anayecheza hoki, kabla ya siku ya vilabu kuchagua wachezaji. Ukaniuliza, "Baba mkubwa, kwani mtu huandika nini kwenye ripoti?" Nikakujibu kwamba nitafikiria. Ukweli ni kwamba sikuwa na la kufikiria. Nilikuwa natafuta pa kuanzia.

Nilianza kazi hiyo nikiwa na miaka ishirini na tisa. Goti langu la kulia lilikuwa limeharibika, na daktari alikuwa ameniambia nisiingie uwanjani tena. Klabu niliyoichezea kule Nairobi ilinionea huruma, ikanipa daftari na kazi ya kuzunguka vyuo vya Meru na Embu kutafuta vipaji. Vilabu vilikuwa na mpango wao siku hizo. Mara moja kwa mwaka viongozi walikutana wakachagua kwa zamu vijana waliokuwa wakimaliza chuo. Klabu moja ikitaja jina, nyingine haiwezi kulitaja tena. Aliyetajwa alipata nafasi kikosini, na juu yake kazi katika kampuni iliyodhamini klabu hiyo. Ambaye hakutajwa alichukua fimbo yake akarudi kwao.

Ni kazi ya upweke, na hilo hutaambiwa na klabu. Ukiwa mchezaji, kuna watu wanakungoja muanze kula. Ukiwa mtu wa daftari, watu wanakusalimia kwa heshima halafu wanasogea kando. Wachezaji wanakuogopa. Makocha wanakubembeleza. Nilikuwa nakula peke yangu kwenye hoteli za Embu na Chuka, nikimaliza naagiza chai nyingine ambayo sikuitaka, ili tu nisirudi mapema kwenye chumba nilichopanga. Sisemi haya kujitetea. Nataka ujue nilikuwa na moyo wa namna gani siku nilipomwona Marigu.

Marigu alikuwa binti wa Ishiara, kule chini kwenye joto la Mbeere, na alikuwa mwaka wa mwisho akisomea kilimo katika chuo kimoja cha Embu. Alicheza kiungo. Nilifika uwanjani kukiwa na ukungu mwepesi, nyasi zikiwa bado na maji, na kwenye nyasi mbichi mpira wa hoki huteleza kwa namna inayowaaibisha wengi. Yeye haukumwaibisha. Kabla mpira haujamfikia alikuwa tayari amegeuza kichwa kushoto na kulia, mara mbili, mara tatu, kama ndege anayekula uani. Ukimfikia alikuwa anajua kila mtu yuko wapi. Pasi zake zilikwenda mahali ambapo mwenzake alikuwa bado hajafika, na mwenzake akafika. Nilikuwa nimetazama wasichana wengi msimu ule, na hakukuwa na wa kufanana naye.

Lakini niliona na mambo mengine. Wenzake walipofunga bao, wakakumbatiana na kupiga kelele, yeye alitabasamu kwa mbali. Kapteni wao, msichana mrefu kutoka upande wa Meru aliyeitwa Kagendo, alipotaka mpira kutoka kwake hakumwita. Alikimbia hadi mbele ya macho yake, akainua fimbo. Niliona jambo hilo si mara moja, na sikujiuliza kwa nini. Kisha katika kipindi cha pili refa alipiga filimbi ya faulo, kila mtu akasimama, Marigu peke yake akaendelea. Akapita mabeki wawili, akaupiga mpira kwa nguvu zake zote. Refa alidhani anadharauliwa. Akamwonyesha kadi ya njano, ambayo katika hoki humtoa mchezaji kwa dakika kadhaa, na msichana akatoka nje akiwa ameinamisha kichwa, bila kujitetea hata kwa neno moja.

Mchezo ulipoisha nilimfuata. Alikuwa anaelekea mabwenini, mgongo kwangu. Nikaita, "Marigu! Ngoja kidogo, tafadhali." Hakugeuka. Nikaita tena kwa sauti zaidi, na wanafunzi waliokuwa wamekaa kwenye nyasi wakanitazama. Yeye akaendelea kwenda zake. Mmoja wa wale wanafunzi akacheka.

Mwanangu, kicheko kile ndicho kilichoandika ripoti yangu. Nilirudi chumbani nikafungua daftari. Niliandika kwamba msichana ana kipaji, kisha nikaandika kwamba ana kiburi, hamheshimu refa, hashirikiani na wenzake, na hata mgeni akimwita hajali. Nikamalizia: "Atasumbua kikosi." Nikainakili kwenye karatasi, nikaituma Nairobi nikiwa nimeridhika, kama mtu aliyefanya kazi yake.

Siku mbili baadaye nikakutana na Mwalimu Njiru, mzee aliyenifundisha hoki nikiwa shule ya upili. Alikuwa amestaafu, lakini alikuwa akienda chuoni kuwasaidia wasichana mazoezi kwa kupenda kwake tu. Tuliketi tukanywa chai. Akaniuliza nimemwonaje Marigu, na mimi nikamsomea niliyoyaandika, maneno yote, nikitarajia anisifu.

Alisukuma kikombe chake pembeni. Kisha akasema, "Murithi, huyo mtoto hasikii."

"Hasikii vipi, Mwalimu?"

"Aliugua akiwa mdogo. Sikio la kushoto halisikii kitu. La kulia linasikia kidogo sana, ukiwa karibu. Anaficha kwa sababu anaogopa mkijua hamtamchukua. Wenzake wanajua, wanamfichia."

Nikakumbuka fimbo ya Kagendo juu hewani. Nikakumbuka ile filimbi.

"Uliketi naye?" Mwalimu akauliza. "Hata dakika tano?"

"Sikuketi naye, Mwalimu."

"Basi hizo habari ulizoandika ni za nani?"

Nilifunga daftari. Hakuniongezea neno lingine. Alimaliza chai yake, akanipa mkono, akaenda. Afadhali angenigombeza.

Kama hadithi yangu ingeishia hapo, ningekwambia nilikosea kwa kutojua, na kosa la kutojua husameheka. Lakini haikuishia hapo. Nilikwenda kwenye kibanda cha simu pale posta nikampigia mwenyekiti wa klabu. Nilikuwa nimepanga maneno kichwani. Kabla sijaanza, akasema, "Murithi! Ripoti safi sana. Hivi ndivyo tunavyotaka, mtu asiyeogopa kusema ukweli. Umetuepusha na shida." Hakuna mtu aliyekuwa amenisifu tangu goti langu liharibike. Nilishika ile simu nikaona maneno yangu yote yanayeyuka. Nikasema, "Asante, mwenyekiti." Nikaikata.

Siku ya kuchagua ilifika. Viongozi walikaa ndani ya ukumbi huko Nairobi, nami nikakaa nyuma ya mwenyekiti wangu. Wachezaji walikuwa barazani nje, wamevaa sare za vyuo vyao, na kila jina lilipochaguliwa lilitangazwa kwa kipaza sauti ili walisikie. Zamu yetu ilipokaribia, kiongozi wa klabu nyingine akauliza kuhusu yule kiungo wa Embu anayesifiwa. Mwenyekiti wangu akacheka, akachukua ripoti yangu akaisoma kwa sauti, hadi lile neno la mwisho, atasumbua kikosi. Ukumbi mzima ukacheka. Wengine wakakata jina kwenye karatasi zao. Niliwaona wakilikata.

Ningeweza kusimama. Ilikuwa sentensi moja tu: huyo msichana hasikii vizuri, na niliyoandika si kweli. Magoti yangu yote mawili yalinigomea siku hiyo, mwanangu, hata lile zima.

Dirisha lilikuwa wazi, na kutoka nilipokaa niliiona baraza. Majina yalitajwa moja baada ya lingine. Marigu alikuwa ameketi mkabala na Kagendo. Hakuwa akitazama kipaza sauti. Alikuwa anautazama uso wa Kagendo. Kila jina lilipotajwa alimwangalia rafiki yake, na Kagendo akatikisa kichwa polepole, bado. Jina la Kagendo lenyewe lilipotajwa, Marigu alilijua kwa sababu wenzake waliruka, akamkumbatia kwa furaha ya kweli. Kisha wakaketi tena wakaendelea hivyo, mmoja akitazama, mwingine akitikisa kichwa, mpaka kipaza sauti kikazimwa.

Nilipotoka alinijia mwenyewe. Nadhani Kagendo alimwambia mimi ni nani. Akasimama karibu sana nami, akitazama midomo yangu.

"Shikamoo. Ni wewe ulikuja kutuona Embu?"

"Marahaba. Ndiyo, ni mimi."

"Nilikosea wapi? Nataka kujua, ndio nirekebishe."

Nikasema haraka, nikitazama pembeni, kwamba ajaribu tena mwakani. Akasema, "Pole, sema polepole, sijashika." Ikabidi nirudie uongo ule nikimtazama usoni, neno kwa neno, ili ausome vizuri. Wote wawili tulijua anamaliza chuo na kwamba kwake hakuna mwakani. Akasema asante.

Niliiacha kazi hiyo baada ya misimu miwili, nikaja huku Mitunguu kulima ndizi. Nilioa, nikapata watoto, wakakua wakaenda mjini. Ukiniuliza nilikuwa nangoja nini miaka hiyo yote, sijui. Mke wangu alipofariki, nyumba ikawa kimya, na katika ule ukimya nilianza kumwona Marigu barazani, anautazama uso wa mwenzake. Asubuhi moja nikachukua gari la kwenda Ishiara.

Haikuwa vigumu kumpata. Sokoni niliuliza Marigu aliyekuwa akicheza hoki. Wengi hawakujua kama aliwahi kucheza chochote, lakini mama mmoja aliyeuza ndengu, zile choroko za kijani, alijua Marigu asiyesikia, akanielekeza. Nilimkuta uani kwake akipepeta ndengu kwenye ungo. Alikuwa mama mtu mzima sasa, na nywele zimeanza kugeuka mvi. Hakunitambua. Nilipiga magoti chini mbele yake, si kwa maigizo, ni kwamba nilitaka aone midomo yangu vizuri, nikamwomba msamaha na kumwambia yote. Kicheko cha wanafunzi, simu, ukumbi, ripoti. Sikuacha kitu.

Aliendelea kupepeta hadi nilipomaliza. Kisha akaweka ungo chini.

"Nilidhani ni mchezo wangu," akasema. "Miaka hii yote nilidhani mlinitazama mkaona sijui kucheza. Niliporudi hapa nikavunja fimbo nikawashia moto. Walimu wa shule ya hapa waliniomba nifundishe watoto wao hoki, nikakataa. Nitafundisha aje kitu nisichokijua?"

"Ulikuwa unajua kuliko wote, mama. Kuliko hata hao tuliowachukua."

"Hilo ungeniambia siku ile. Hata bila kunichukua. Ungeniambia ni masikio, ningejua ni masikio. Mikono yangu ningebaki nayo."

Alinipa uji, nikaunywa. Tukakaa pale, kila mtu na upande wake wa ua, kuku wakiokota ndengu zilizomwagika. Sikumwomba msamaha mara ya pili, naye hakusema amenisamehe. Nilipoaga alinisindikiza hadi barabarani, kwa sababu alilelewa vizuri, akarudi kwake bila kungoja gari lifike. Nilisimama pale peke yangu hadi adhuhuri.

Hayo ndiyo yangu. Sasa swali lako, mtu huandika nini.

Usiandike chochote juu ya moyo wa mtu ambaye hujaketi naye. Mbio zake unaweza kuzipima kutoka pembeni, na mkono wake kwenye fimbo, na pumzi yake dakika za mwisho. Tabia yake huwezi. Mfuate, umsalimie kutoka mbele, uulize kwao ni wapi na nini kinamsumbua, hata akikujibu kwa aibu. Ukiona jambo usiloelewa, liandike kwamba hujalielewa. Na kabla ya kutia sahihi jiulize kama kuna mahali alikuumiza wewe, maana utajikuta umeandika maumivu yako kwa jina lake.

Ukikosea, na utakosea, sema siku hiyohiyo, mbele ya walewale uliowaambia kosa. Sauti itatetemeka, uiache itetemeke. Aibu ya siku moja mimi niliikwepa, na tangu hapo sijapata siku niliyokuwa huru nayo. Na yule asiyechaguliwa mwambie sababu ya kweli, kwa upole, ukimtazama. Huenda hutaweza kumpa nafasi, lakini usimnyang'anye na kile alichokuja nacho.

Nenda Embu, mwanangu. Mungu akupe macho ya kuona na subira ya kuuliza. Akupe ujasiri ukumbini, pale watu wanapocheka na ni wewe tu unayejua. Vijana utakaowatazama wakukumbuke bila uchungu, waliochaguliwa na wasiochaguliwa. Na jioni ukirudi nyumbani, akujalie mtu wa kumsimulia ulichokiona.