Uyoga Niliokata Mizizi

Tulikaa Ukonga, kaka yangu, mkewe na mimi. Wifi alikuwa na mimba ya miezi saba, amedhoofu. Kliniki walimwambia ale vyakula vya kujenga mwili, lakini miaka ile ya Ujamaa ungeweza kupanga foleni buchani tangu alfajiri na bado ukarudi na kikapu kitupu. Kijitabu cha kisomo nilichojisomea mwenyewe kilisema uyoga una protini na vitamini. Nikakikariri.

Jirani yetu, bibi mmoja wa kutoka Masasi, alinipeleka Pugu akanionyesha uyoga unaoota kwenye vichuguu. "Vuta taratibu, utoke na mzizi wake," alisema.

Mara ya pili nilikwenda peke yangu. Nakiri, nilitaka kusifiwa. Nilikaa kando ya njia nikakata mizizi yote kwa sababu ilikuwa na udongo, nikasuuza uyoga kijitoni hadi ukawa mweupe kabisa. Nyumbani nikaupika kwa kitunguu na tui zito la nazi.

Wifi alikuwa ameshakula nusu bakuli bibi alipoingia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Akachungulia sufuria. "Mizizi iko wapi?"

"Nimeikata. Ilikuwa michafu."

"Sasa mie nitaujuaje? Uyoga wa kichuguu unaujua kwa mzizi mrefu. We mtoto umemlisha mjamzito kitu usichokijua."

Wifi akaweka kijiko chini.

Nilikimbia hadi Pugu. Mizizi niliikuta palepale, nikaizoa yote kwenye khanga, pamoja na uyoga mmoja mzima nilioutupa. Bibi aliitandaza sakafuni, akaipitia mmoja mmoja. Yote mirefu. Kisha akauinua ule mzima. Ulikuwa mfupi, shina limekaa ndani ya kifuko cheupe.

"Huu unaua," alisema. "Nani alikufundisha kuuacha?"

Ningeweza kudanganya. "Hakuna, bibi. Niliuacha kwa sababu konokono alikuwa ameutafuna ukingo. Ungeharibu sura ya mboga."

Niliiacha mizizi palepale sakafuni.

Wifi hakuumwa, wala hakunilaumu. Ila kesho yake asubuhi nilimkuta ameshawasha jiko, tumbo lile limemwelemea, anakata mchicha. Nikanyoosha mkono kuchukua kisu. "Acha tu, wifi," aliniambia kwa upole. Alijipikia hivyo mpaka alipojifungua.