Sikio Juu ya Mfuniko

Fundi wetu wa pampu ya shimo la choo hashiki spana kabla ya kulisikiliza shimo. Hulala kifudifudi, sikio juu ya mfuniko, vidole vyake vinene vikigongagonga zege. Jumamosi ile wageni wa posa ya binti yetu walikuwa njiani, na maji machafu yalishafika mlangoni mwa choo. Mimi, ambaye hapa Kilema hakuna chombo kinachonishinda, nilimwambia fundi mota imeungua. Akalivuta boya, lile linaloelea na kuiwasha pampu maji yakijaa, akakuta limefungwa chini kwa kamba ya mgomba. Nililifunga mwenyewe, lisielee ovyo. Akaikata kamba, akaitia mfukoni, pampu ikanguruma.

“Ni panya, mama,” alimwambia mke wangu, aliyeliona fundo la kamba likichungulia mfukoni.

“Panya gani anafunga fundo?”

“Wa nyumba hii wana akili nyingi,” alijibu, bila kunitazama.