Siku Njia ya Lubumbashi Ilipokunjwa

Ukitaka hadithi ya kutungwa, nitakutungia siku nyingine. Hiyo ndiyo kazi yangu. Hii sikuitunga. Niliketi ndani yake nimefunga mkanda, jua la asubuhi likiwaka juu ya Kalemie, enzi zile nchi ikiitwa Zaire.

Dada yangu Feza alikuwa na uchungu siku ya pili, mtoto amekaa vibaya tumboni, na hospitalini dawa ya usingizi imekwisha. Daktari alinivuta pembeni. Akasema Feza awe Lubumbashi ndani ya saa mbili, la sivyo tutawapoteza wote wawili. Ndege ndogo ilikuwapo. Lakini rubani alipiga hesabu: kilomita zaidi ya mia sita, karibu saa tatu. Wewe ungefanya nini? Mimi nilimbeba tu.

Uwanjani kila msafiri alipanda mizani na mzigo wake. Baada ya Feza zilibaki kilo za mtu mmoja, nazo zilikuwa za mzee mmoja mgeni, Papa kama tunavyowaita wazee kwetu, koti lake la abakosti limefungwa hadi kooni. Akapanda. Sindano ya mizani haikusogea. Mpimaji akaipiga mizani teke, akamtania, "Papa, kwako hawapikake bukari?" Ndio ugali wetu. Nikapanda mimi, sindano ikaruka. Akapanda yeye tena: sifuri. Niamini.

Yule Papa hakucheka. "Kilo zangu umupe huyu kijana," alisema. "Amushike dada yake."

Mpimaji aliandika, nasi tukaingia wote watatu.

Angani machozi yalinishinda. Papa akaniinamia kutoka kiti cha nyuma.

"Hii njia niliitembea na muzigo kichwani, mwezi muzima. Nilifia kando ya mto Luvua, sikufika. Leo tuikunje kama mukeka."

Nikatazama chini. Kivuli cha ndege kilikuwa kimesimama palepale. Ardhi ndiyo iliyokuwa inavutwa, vilima na mito na mashamba, kama nguo inayovutwa kutoka kwenye kamba. Feza alinibana mkono, akauliza kama tumekwisha kufa. Nikamwambia hapana, tunafika.

Haikutimia saa moja, magurudumu yakagusa Lubumbashi. Rubani aligongagonga saa yake. Mtu wa uwanja alitucheka, akataka tukiri kwamba tumetoka Pweto, katikati ya njia. Nyuma yangu kiti kilikuwa kitupu, na juu yake vumbi jekundu la njia ya miguu.

Madaktari walimpasua Feza kabla ya adhuhuri. Mtoto alilia kwa sauti iliyoamsha wodi nzima! Msichana, mzima, na mama yake mzima. Leo binti huyo ananizidi urefu.

Tangu hapo nimeruka njia hiyo mara nyingi, na kila mara ni karibu saa tatu. Silalamiki. Nawe ukiipita, usijisifu kwamba umeushinda umbali. Kuna watu waliubeba kichwani, wakaanguka nao. Ukiona Luvua inang'aa chini, waamkie kwa sauti, hata jirani yako akikuona mwendawazimu. Ila nakuonya: usipite juu yao umelala.