Majani Yenye Kurudi Kilimani

Siku moja ya kiangazi ningali naikumbuka, mwanangu Neema, hata kama miaka imepita na naogopa nitachanganya jambo. Utanisamehe, shule yangu iliishia karibu. Ulinipigia telefone toka Goma, ukaomba nikutumie yale majani mekundu yenye unaona kwenye foto ya ndoa ya mama yako, nawe upambe nayo mulango wa kanisa. Nilikuambia rezo ni mubaya, sikusikii vizuri. Rezo haikuwa mubaya. Nilikuwa natafuta maneno, na njo haya ninakuandikia.

Hapa Kibabi, juu kwenye mawe, pahali udongo ni mwembamba na mvua haikai, kulikuwa majani yenye vichwa laini kama manyoya ya kifaranga. Yakiwa machanga ni mekundu. Yakikomaa yanapauka, yanakuwa kama nywele zangu za sasa. Wazee walikuwa na desturi: siku ya ndoa tunakata tita moja la yaliyopauka, tunalifunga na kitenge, tunalitundika mulangoni. Nyuma ya ndoa maharusi wenyewe wanalirudisha kilimani, wanalikunguta palepale lilipokatwa. Tulikuwa tunasema majani yalienda karamu, sasa yanarudi kwao.

Mama yako, dada yangu mukubwa, hakupenda yaliyopauka. Alisema yanafanana na kilio. Sitamulaumu, mekundu yalipendeza kweli. Tukayakata sisi wawili tukicheka, karibu upande mzima wa kilima. Ndoa ikapita, tukarudisha tita, tukakunguta. Hakuna mbegu hata moja iliyoanguka.

Papa Ruhara, muzee jirani mwenye ngombe, alikuwa anapita na bidoni ya maziwa. Akasimama, akaweka kiganja chini ya tita, akangoja. Kiganja kikabaki kitupu. Mama yako akamutania kwamba karamu imeisha, maziwa yake yamechelewa. Muzee hakucheka.

"Binti yangu, ulimuita muntu kwenye karamu, sasa unamurudisha kwao mikono mitupu. Mwaka kesho utamuita nani?"

"Si iko mengine, papa?"

"Iko mengine leo," akasema, akaokota bidoni yake akashuka.

Mwaka wenye ulifuata, wasichana wengine nao wakataka mekundu kama ya foto ile, maana kizuri kinajiuza. Na bandu bandu humaliza gogo. Watu wa mashamba wanasema ngombe njo zilimaliza yale majani. Watu wa ngombe wanasema ni jembe. Mimi ni muntu wa jembe, lakini sitasema uongo: ngombe zilikula, jembe lilichimba, na sisi tulikata yenye yalikuwa bado kuzaa. Papa Ruhara njo alikuwa anazuia ngombe zake zisipande kule mupaka vichwa vipauke.

Sasa hayuko. Mama yako hayuko. Vita iliondosha majirani, na nyumba nyingi hazikuwashwa moto tena. Juu ya kilima imebaki sehemu moja, kama upana wa mukeka. Nimeizungushia miiba. Asubuhi napanda kuisalimia, sijui kama ni ujinga. Kuna siku sauti yangu naisikia pale tu.

Kwa hiyo mekundu sitatuma, mwanangu. Pengine nakosea, furaha yako ni kubwa kuliko majani, na mama yako angenigombeza. Lakini sikia: kitu kizuri usikikate siku kinapopendeza macho, ngoja siku kinapoweza kuzaa. Chukua kidogo. Na chenye umechukua, ukirudishe na mikono yako mwenyewe, usitume muntu. Kama ndoa itafika na bado hayajapauka, pamba na maua ya plastiki, si haya. Yakipauka, njia ikiwa salama, kuja na bwana yako mukate vichwa vichache, mutundike kwenye mulango wa nyumba yenu, kisha muyarudishe. Hapo mutakuwa mumepanda kilima mara mbili. Nitawapikia viazi, tutanywa maziwa. Sitaficha kwamba hilo nalo nalitaka.

Mungu awape nyumba isiyokauka. Awape kuzeeka pamoja mupaka nywele zipauke, na siku hiyo musikose muntu wa kupanda kilima kuwarudia.