Vumbi la Koti la Fundi Betri

Fundi Betri hakuwa mtu wa kubahatisha. Alipoyeyusha madini ya risasi kutoka kwenye betri kuukuu za magari, alijifunga kitambaa puani, na sufuria ya kuyeyushia haikuingia nyumbani kwake hata siku moja. "Moshi huu si wa kuchezea," aliwaambia majirani, na kuhusu moshi hakukosea. Habari za vumbi hakuna aliyemwambia.

Jioni binti yake alimpokea mlangoni. Tangu akiwa na miaka miwili kazi hiyo ilikuwa yake. "Shikamoo baba!" "Marahaba mama!" Kisha anamvua koti la kazi, analiburuta hadi kizingitini, analikung'uta kwa mikono miwili mpaka anakohoa, na wote wawili wanacheka. Vidole hivyohivyo ndivyo vilivyomega mkate. Baba alijiona mwenye bahati kuliko wote mtaani, na nani angemlaumu?

Mtoto hakuugua. Alikimbia, alikula, alirefuka. Ila alipofika darasa la tatu, wenzake wakasoma hadithi nzima, yeye akapotelea mstari wa pili. Ukimtuma vitu viwili, analeta kimoja. Baba, mtu mpole wa watu, akaanza kufoka: "Mvivu wee! Kichwa umekiacha wapi?" Aliyasema hayo miezi na miezi.

Mwalimu ndiye aliyeshauri mtoto apimwe damu. Daktari akasema madini ya risasi yamo, kiasi kidogo. Fundi akashusha pumzi.

"Kidogo? Afadhali!"

"Mzee wangu," daktari alisema taratibu, "kwa ubongo wa mtoto, kidogo hicho kinatosha kuudhuru. Tutazuia kisiongezeke, na kwa kusaidiwa atajifunza. Lakini kilichopotea, sina dawa ya kukirudisha." Akauliza kuhusu nguo za kazi, nani hushika, nani hufua. Fundi akaanza kujibu, na katikati ya jibu akaikumbuka mikono miwili ya binti yake ikikung'uta koti kizingitini.

Nyumbani alimkuta binti ameinamia daftari, anahangaika na sentensi moja. Akachuchumaa kando yake.

"Mama, nilikuita mvivu. Nisamehe. Si kosa lako hata kidogo. Ni langu mimi."

Binti alimtazama, akaona machozi, akaogopa. Akamshika mkono.

"Usilie, baba," alisema. "Kesho nitajitahidi zaidi."