Mahindi Tuliyozika Nyuma ya Jikoni

Mimi ni mpishi wa shule ya msingi, kule upande wa Mbumbuni, na watu husema nina mdomo. Ni kweli. Ukiniletea gunia la mahindi, nitaingiza mkono mpaka chini, nitanusa, na yakiwa mabaya nitakwambia, uwe mwalimu, uwe pasta.

Nilipokuwa msichana mdogo, mvua ilitukuta na mahindi shambani. Tuliyaingiza ndani yakiwa na unyevu, kwa kuogopa wezi. Yakaota kuvu. Mama aliyaosha vizuri, akatupikia isyo, mahindi na maharagwe, kwa sababu hakukuwa na kingine. Kakangu mdogo ndiye alikuwa mkombaji wa sufuria. Muda si muda tumbo lake lilifura, macho yakawa manjano. Tulimzika yeye, kisha mama. Mimi nilikula chakula hicho hicho nikabaki, na mpaka leo sijui kwa nini.

Sasa muhula uliopita mvua ilikataa. Makopo ya gorogoro ya mahindi ambayo wazazi hutuletea yaliisha, na wale wadogo wa darasa la kwanza wakawa wanalala juu ya madawati kwa njaa. Ndipo mzazi mmoja, mtu mwema kabisa, akatutolea gunia kutoka ghala lake. Niliingiza mkono. Ndani kulikuwa na joto, na mkono ukatoka na vumbi la kijani.

"Mwalimu, haya sipiki," nilimwambia mwalimu mkuu.

"Mama, si uyachemshe sana? Moto utaua hiyo kuvu."

"Hata mama yangu alichemsha."

Akaniuliza, polepole, watoto watakula nini. Nikamkasirikia bure.

Tulichimba shimo nyuma ya jikoni, mimi, mwalimu na yule mwenye gunia, tukamwaga, tukafukia. Watoto walisimama na sahani zao mikononi wakitutazama tukizika chakula. Woi! Nilisikia uchungu sijawahi kusikia. Hakuna aliyelia. Waliruhusiwa kwenda nyumbani mapema, na wengine waligeuka nyuma wakiangalia lile shimo.

Kesho yake kanisa lilituletea mchele na ndengu. Nilipika nikiimba, kweli nilikuwa na furaha. Chakula kilipokuwa kinakauka nikaenda kumwaga majivu, nikakuta shimo limefukuliwa. Hapakuwa na punje hata moja. Udongo ulikuwa umechekechwa kwa vidole, na kulikuwa na nyayo za watu wazima na za watoto. Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko. Nilisimama pale na karai langu.

Kengele ya mchana ikalia, watoto wakajipanga. Wa kwanza alikuwa msichana wa darasa la kwanza. Akanyoosha sahani, akatabasamu.

"Niwekee kidogo tu, mwaitu," aliniambia, jinsi mtoto wa kwetu anavyomwita mama yake. "Mimi nimeshiba. Jana tulikula isyo mpaka tukalala."

"Hata sisi!" wakasema nyuma yake, wakicheka.

Nilimwita mwalimu kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ni yangu. Alitoka mbio kwenda nyumba kwa nyumba, kumwaga kilichobaki. Mimi nilibaki na sufuria na foleni, nikawapakulia wote, nikawajazia sahani, kwa maana sikuwa na kitu kingine cha kuwafanyia.