Deni Lisilopiga Simu

Wa kwanza kupigiwa alikuwa mwalimu mkuu. Wa pili alikuwa fundi cherehani aliyewahi kumshonea Ruweyda baibui zamani, na ambaye Ruweyda hata sura yake hakuikumbuka. Wa tatu alikuwa Bishara, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Bishara alikuwa mdogo wa marehemu mama yake Ruweyda. Ndiye aliyemlea, naye Ruweyda akimwita habaryar, kama Wasomali wamwitavyo mama mdogo. Simu ilimkuta jikoni kwake Bulla Iftin, akikoroga unga wa mkate wa anjera. Sauti ilikuwa ya kijana, Kiswahili cha Nairobi, tena cha adabu.

"Naongea na Bishara? Ruweyda ametupa jina lako kama mtu wake wa karibu. Ana deni letu na hashiki simu. Mwambie alipe leo kabla ya saa kumi. Asipolipa, tutaendelea kuwapigia wengine walio kwenye simu yake."

"Wengine akina nani?"

"Wote, mama."

Bishara alizima jiko kabla anjera ya kwanza haijaiva.

Ruweyda alikuwa na miaka ishirini na sita, mwalimu wa hisabati katika shule moja ya binafsi hapa Garissa. Hakuwa mtu wa anasa. Mkopo wake wa kwanza kwa njia ya simu aliuchukua kwa ajili ya harusi ya rafiki yake: dirac mpya, lile gauni la Kisomali la sherehe, hina, na mchango wa zawadi ambao hakutaka uonekane mdogo. Aliulipa mwezi uliofuata, na kampuni ikamtumia ujumbe wa pongezi na kumwongezea kiwango. Kisha mto Tana ukafurika, barabara ya Madogo iendayo Nairobi ikakatika, vitu vikapanda bei. Wazazi wakachelewesha karo, shule nayo ikachelewesha mishahara. Ruweyda akakopa kodi ya chumba. Akakopa kampuni ya pili alipe ya kwanza, na ya tatu alipe ya pili. Zikawa nne.

Hapo ndipo alipoona njia ya kujiokoa, nayo ilikuwa ayuto. Walikuwa wanawake kumi, kila mmoja akitoa elfu tano kwa mwezi, na kila mwezi mmoja wao akibeba zote. Aliyeshika ayuto hiyo ni Sagal, muuza maziwa ya ngamia wa Soko Mugdi. Anayeshika huchukua zamu ya mwisho, na mtu asipotoa, pengo ni lake. Ruweyda alimwendea Sagal akaomba asogezwe mbele, naye akampa zamu ya pili bila maswali mengi. Pesa zile zilifuta kampuni zote nne kwa siku moja. Mwezi mzima alitembea mwepesi, akilala kama mtoto.

Kisha mshahara ukachelewa tena. Ujumbe ukaingia: *Mpendwa mteja, una nafasi ya kukopa.* Akabonyeza.

Safari hii kampuni zilimla haraka. Kila aliposhika mshahara, uliondoka kabla hajanunua unga, na mchango wa ayuto ukakosekana. Mwezi wa kwanza alipokosa, Sagal alimpigia kuuliza kama ni mgonjwa. Ruweyda alisema ndiyo. Sagal akamwombea shifaa, akakata. Mwezi wa pili na wa tatu hakupiga tena. Ruweyda alijua maana yake: Sagal anatoa mfukoni mwake ili wenzake wasijue. Akaanza kwenda shuleni kwa njia ya nyuma, asipite mbele ya meza za maziwa.

Siku ile ya simu, baada ya Alasiri, Bishara aliwaita watu wa karibu nyumbani kwake. Aliyeketi mbele alikuwa Kerrow, kaka wa marehemu baba yake Ruweyda, dalali wa ng'ombe katika soko la mifugo. Ruweyda alimwita adeer, na kwa desturi yao Kerrow naye alimrudishia neno lile lile. Toka utotoni wake Kerrow hakuwahi kumwita kwa jina.

"Riba," Bishara alisema, kabla mtu hajanywa chai. "Nimekulea kwa maziwa halali, wewe unakwenda kula riba kwenye simu?"

"Mwache," alisema Kerrow. "Yaliyoliwa yameliwa." Akamgeukia Ruweyda. "Adeer, mimi sina maneno mengi. Nitajie wote wanaokudai. Wote. Tutachanga mara moja, tulipe, tulifunge jambo hili. Sitaki kuketi hapa mara ya pili."

Ruweyda alitaja kampuni ya kwanza na kiasi chake. Akataja ya pili. Kila alipotaja, binamu mmoja alishusha pumzi. Alipofika ya nne, macho ya Bishara yalikuwa yamejaa machozi. Kilichobaki kooni kilikuwa Sagal.

Kampuni zilikuwa za watu wa mbali, watu wasio na nyuso. Hata wenye hasira pale chumbani walikuwa tayari kuwalaani wakopeshaji pamoja naye. Ila ayuto ni pesa za wanawake wanaoamka alfajiri. Bishara mwenyewe alinunua maziwa kwa Sagal. Kusema nimebeba pesa zao nikaacha kutoa, na Sagal ananifichia aibu! Ulimi wake ulikataa.

"Umemaliza?" Kerrow aliuliza.

Ruweyda aliangalia mkeka.

"Sitakuapisha," alisema Kerrow. "Nakuuliza tu. Umemaliza?"

"Nimemaliza, adeer."

Jumatano Kerrow aliuza fahali wawili aliokuwa akiwanenepesha. Jamaa wa kijijini Kotile walituma bei ya mbuzi. Bishara alitoa akiba yake ya Ramadhani. Kampuni zote nne zililipwa, na Kerrow akampigia yule kijana wa Nairobi kwa simu yake mwenyewe, kwa Kiswahili chake ambacho kila "p" iligeuka "b": "Wewe kijana, besa zako tumeliba. Ukibiga simu hii tena, utaongea na mimi." Watu wakacheka. Ruweyda pia alicheka, na kicheko kikamwishia mdomoni.

Simu yake ikanyamaza. Alidhani kimya kile kitakuwa raha. Badala yake akawa anaitazama kila mara, kana kwamba inajua. Shuleni aliandika hesabu ubaoni akasahau jawabu lake, wanafunzi wakamsahihisha.

Alhamisi moja Ruweyda alikuwa kwa Bishara, naye Bishara akarudi kutoka sokoni na ndoo tupu.

"Sagal hakuwa na maziwa," alisema. "Alikuwa akileta madumu sita, wiki iliyopita nilimwona na mawili. Leo hakuna kitu. Wanasema mwenye ngamia amekataa kumpa bila pesa mkononi."

Ruweyda aliendelea kuosha vikombe. "Kwa nini?"

"Nani ajuaye. Lakini mwezi huu ni zamu ya Fatumo, yule wa duka la nguo, na pesa hazikutimia. Fatumo anasema Sagal amekula ayuto. Kesho baada ya swala ya Ijumaa wanakwenda nyumbani kwake." Bishara alitikisa kichwa. "Mimi siamini. Ila umaskini hubadilisha watu."

Kikombe kilimponyoka Ruweyda, hakikuvunjika. Alikiokota, akakisuuza tena, ingawa kilikuwa safi.

Usiku ule alibaki kwa Bishara, ila hakupata usingizi. Alijiambia angengoja mshahara, alipe kimyakimya, mambo yapoe yenyewe. Akajiambia Sagal angemtaja tu, na hapo angekuwa na la kujibu. Lakini alimjua Sagal. Sagal asingemtaja. 

Ijumaa, watu walipotoka msikitini, Ruweyda alivaa baibui akamwambia Bishara anakwenda kwa rafiki. Njiani aligeuka kurudi mara mbili. Mara ya pili alifika hadi kona ya msikiti, akasimama kivulini, jua likichoma mchanga barabarani, akitafuta sababu moja nzuri ya kurudi nyumbani. Hakuipata. Akageuka tena kuelekea kwa Sagal.

Alisikia sauti kabla hajafika mlangoni. Nyumba ya Sagal ilikuwa chumba kimoja na ua wa mabati. Wanawake walikuwa wamejaa uani, wengine wamesimama, na madumu matupu yalikuwa yamepangwa ukutani. Sagal aliketi kwenye kigoda, mikono magotini. Alionekana mdogo kuliko Ruweyda alivyomkumbuka.

"Mimi sikuja kugombana," Fatumo alikuwa akisema kwa sauti ya mtu aliyekuja kugombana. "Nimetoa kila mwezi. Leo ni zamu yangu, mzigo wangu unaningoja. Unaniambia ngoja. Ningoje nini? Pesa ziko wapi?"

"Zitapatikana," alisema Sagal.

"Ziko kwa nani?"

"Anayeshika ni mimi. Nidai mimi."

"Basi umezila wewe! Sema tu, Sagal. Sema umekula pesa zetu."

 Mwanamke mmoja alisema astaghfirullah. Ruweyda aliona kwamba Sagal ataupokea mzigo ule mbele ya watu wote na kuubeba.

"Hajala," alisema Ruweyda mlangoni.

Hakusikika. Akasema tena kwa nguvu.

"Hajala! Nimekula mimi. Nilichukua zamu ya pili, na huu ni mwezi wa nne sijatoa. Yeye ndiye aliyekuwa akinilipia. Pesa ya maziwa ndiyo aliyonilipia."

Wote waligeuka. Sagal pia alimtazama, na usoni mwake hamkuwa na shukrani, mlikuwa na uchovu tu.

Fatumo alimsogelea. "Mwalimu," alisema polepole. "Wewe ndiye unayewafundisha watoto wetu kuhesabu?"

Ruweyda alikubali kwa kichwa.

"Na umeniacha nimtukane mwanamke huyu mbele ya watu." Fatumo alifunika mdomo kwa ncha ya shela yake.  Kisha akasema, "Utalipa. Sijui utalipaje, lakini utalipa."

Habari ilifika Bulla Iftin kabla ya Ruweyda. Alimkuta Kerrow ameshaketi, bakora mapajani, na Bishara amempa mgongo.

"Nilikuuliza kama umemaliza," alisema Kerrow.

"Ndiyo."

"Ukasema nini?"

"Nimemaliza."

"Sisi tuliuza mifugo kuwalipa watu wenye kelele. Mwenye haki alikuwa hapa mtaani, kimya, na wewe ukijua." Alisimama. "Hili sitalipa, Ruweyda. Hata shilingi. Si kwamba sina. Hili ni lako."

Alikuwa amemwita kwa jina. Alipotoka, Ruweyda alilia hadi kifua kikauma, na Bishara hakumbembeleza. Jioni alimletea chai, akaiweka chini, akaondoka.

Kesho yake Ruweyda aliuza simu yake katika duka la simu, akanunua mulika mwizi, ile ndogo ya vitufe isiyoweza kubeba programu yoyote ya mikopo. Fedha iliyobaki aliipeleka kwa Sagal kabla haijapata njia nyingine. Alirudisha funguo za chumba alichopanga, akarudi kulala kwa Bishara, na kodi aliyokuwa akilipa ikawa ya deni. Kisha akaenda dukani kwa Fatumo. Alisimama nje muda mrefu mpaka wateja wakaisha.

"Binti zako wanafeli hisabati," alisema. "Nitawafundisha kila jioni. Usinilipe mimi. Nipunguzie kwenye deni la zamu yako."

Fatumo alikunja kitambaa, akakikunjua. "Wakifeli?"

"Nitaendelea mpaka wafaulu."

"Kaa mbali na pesa, keti karibu na watoto," alisema Fatumo. "Njoo Jumatatu."

Haikuwa rahisi. Kuna mwezi mshahara haukuja kabisa, akaenda kwa Sagal kumwambia ana kwa ana kwamba hana, jambo lililomuuma kuliko kulipa. Sagal alisikiliza, akasema, "Afadhali umekuja." Kuna siku kampuni mpya ilimtumia ujumbe hata kwenye simu ile ndogo, akausoma mara mbili kabla ya kuufuta. Barabarani aliwasikia wanawake wakinyamaza alipopita. Alivumilia. Hapakuwa na pa kwenda.

Sagal alianza tena na dumu moja, kisha mawili. Mvua za masika zikaja na kwenda. Mwisho wa mwezi wa sita, Ruweyda alimkabidhi Sagal noti za mwisho pale sokoni, mbele ya watu, kwa sababu Sagal alitaka iwe mbele ya watu. Sagal alizihesabu kwa sauti. Fatumo alikuwepo, akasema, "Alhamdulillahi, mimi simdai tena," akarudi dukani kwake.

Ruweyda alibaki amesimama. "Habaryar Sagal," alisema, akimpa heshima ya mama mdogo, "ayuto mpya inaanza lini?"

"Mwezi ujao."

"Naweza kuingia? Hata zamu ya mwisho."

Sagal alifunika dumu kwa kitambaa, akakikaza kifuniko. Hakuwa na hasira.

"Wamekataa," alisema. "Niliwauliza kabla hujaja. Saba wamekataa."

"Na wewe?"

"Mimi nilinyamaza." Mteja alikuja, Sagal akampimia maziwa, akapokea pesa, akamwombea heri. Kisha akamgeukia tena Ruweyda. "Uliza tena baada ya Ramadhani. Nikiwa hai nitawauliza tena."

Ruweyda alishukuru. Jua lilikuwa limeanza kushuka, na binti za Fatumo walikuwa na mtihani Jumatatu. Akashika njia kwenda kuwafundisha.